AFYA YA JAMAA: Mafuta kwenye ini, na yale tunayoyaamini



Juma hili tunaongea juu ya neno moja ambalo wengi wetu tumeanza kuliona kwenye karatasi za ekografi: steatozi. Maana yake ni mafuta kwenye ini. Mama anaenda kupimwa kwa sababu ya tumbo, au kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, au kwa ajili ya jambo lingine kabisa, na anatoka na karatasi yenye neno hilo. Munganga anamwambia maneno mafupi: punguza uzito, punguza sukari, tembea. Kisha anaita mgonjwa mwingine, kwa maana mstari ni mrefu.

Mama anarudi nyumbani, karatasi imefungwa kwenye pindo la kikwembe. Jioni hiyo hiyo wanakuja washauri. Wifi anasema: "Hiyo ni sumu, kuna mtu amekupa kitu." Jirani anasema: "Unene ni afya, usikubali wakukondeshe." Shangazi anasema: "Ini likishikwa, ni mwisho. Tuombe tu." Kabla ya kulala, maneno matatu ya munganga yamekwisha kufunikwa na maneno mengine mengi.

Ndiyo maana hatutaki kuandika tu orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha. Orodha hizo tumezisikia. Wanawake wawili wanaweza kupewa karatasi moja na shauri moja, na baada ya mwaka mmoja akapona na mwingine akazidi kuharibika. Pesa ina nafasi yake katika tofauti hiyo, hatukatai. Lakini kuna mambo mawili mengine yenye nguvu: kile ambacho mtu anaamini juu ya ugonjwa wake, na hakika aliyo nayo moyoni kwamba anaweza kubadilisha kitu. Haya mawili tunaweza kuyafanyia kazi katika vikundi vyetu, hata bila pesa.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Ini linakaa upande wa kuume, chini ya mbavu. Linapokea chakula kutoka tumboni, linakitengeneza, linaweka akiba, na linasafisha damu. Tukila na kunywa kupita kile ambacho mwili unatumia, hasa vitu vya sukari na vya mafuta mengi, ini linageuza ziada hiyo kuwa mafuta. Mengine yanapelekwa kiunoni na tumboni. Mengine yanabaki ndani ya ini lenyewe. Yakipita sehemu 5 kwa 100, waganga wanasema ini lina mafuta.

Ugonjwa huu unaandamana sana na tumbo kubwa, ugonjwa wa sukari, na tansio ya juu. Pombe nayo inaleta mafuta kwenye ini, lakini wengi wanaougua hawanywi pombe hata kidogo. Duniani kote, watu wazima karibu 3 katika kila 10 wana mafuta kwenye ini. Mwaka 2023 waganga wa nchi nyingi walikubaliana kuubadilisha jina, ili jina la zamani lililotaja pombe na unene lisiendelee kuwatia wagonjwa aibu.

Kwa watu wengi, mafuta hayo yanakaa miaka bila kelele. Kwa wengine ini linaanza kuvimba ndani, kisha linaweka makovu, kama ngozi iliyoungua mara nyingi. Makovu yakizidi, ini linakuwa gumu, tumbo linajaa maji, na kansa inaweza kuingia. Si kila mtu anafika huko. Vile vile, watu wenye mafuta kwenye ini wako katika hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo. Kwa hiyo hatulindi ini peke yake.

Sasa habari njema, nayo ina uzito wake. Mafuta haya yanaweza kuondoka. Huko Cuba, waganga walifuata wagonjwa 293 ambao ini lao lilikuwa limekwisha kuvimba. Waliwafuata kwa majuma 52, wakiwasaidia kubadilisha chakula na kutembea, bila dawa ya ini. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kati ya wale waliopunguza uzito kwa sehemu 10 kwa 100 au zaidi, 9 katika kila 10 uvimbe wa ini ulitoweka, na karibu nusu yao hata makovu yalipungua. Wale waliopunguza sehemu 5 tu nao waliona faida.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha jambo lingine. Watu wote walipewa shauri lile lile, na waliofikia kupunguza sehemu 5 kwa 100 walikuwa karibu 3 tu katika kila 10. Njia ilikuwa wazi, na bado wengi hawakuweza kuimaliza. Kwa hiyo tujiulize: ni kitu gani kinamzuia mtu kufuata njia anayoijua?

Imani ya kwanza: "Nimepewa sumu"

Hapa kwetu Kivu, mtu akiumwa tumbo muda mrefu, neno la kwanza ni sumu. Hatuko hapa kumcheka mtu. Tumeishi miaka ya vita na wasiwasi, na hofu ya kupewa kitu kwenye kikombe ina mizizi yake. Lakini mafuta kwenye ini hayaletwi na mkono wa jirani. Yanajengwa polepole, kwa miezi na miaka, na chakula, kinywaji, kukaa bila kutembea, na pengine mwili wa jamaa ambao umezaliwa na mwelekeo huo.

Tunamjua mama mmoja, muuzaji wa unga, aliyeamini kwamba wifi yake alimtilia kitu kwenye chakula siku ya matanga. Aliuza mbuzi wawili ili alipe mtu wa kumtapisha. Alitapishwa mara tatu, na kila mara alionyeshwa kitu kilichotoka. Alirudia ekografi baada ya mwaka: mafuta yalikuwa pale pale, na sukari ya damu ilikuwa imepanda. Muda wote huo alikuwa akinywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, asubuhi, mchana na jioni, kwa maana hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba chai hiyo ina uhusiano wowote na tumbo lake. Leo anaendelea vizuri na amekubali tueleze habari zake. Lakini wifi yake bado hajarudi kula nyumbani kwake.

Ndiyo hasara ya imani hii. Inakula pesa, inavunja jamaa, na inamwambia mgonjwa kwamba hana la kufanya isipokuwa kumtafuta adui. Isitoshe, dawa nyingine za majani, hasa zile kali za kutapisha na kuharisha, zinaweza zenyewe kuumiza ini. Ukitumia dawa ya kienyeji, mwambie munganga. Usifiche.

Imani ya pili: "Kukonda ni aibu"

Mama akipungua kilo tano, sokoni wanaanza kuuliza. Ana sida? Mume hamlishi? Biashara imeanguka? Tunalijua neno hilo na tunajua linavyouma. Kwa wengi wetu, unene wa mama ni ushuhuda kwamba nyumba ina chakula, na mume naye anaona fahari.

Tusipolitaja jambo hili waziwazi, hakuna mama atakayepungua uzito, hata akipewa shauri zuri namna gani. Kwa hiyo tunasema hivi: hatutafuti wembamba. Mama wa kilo 80 akipunguza kilo 4, amekwisha kufikia sehemu 5 kwa 100, na mafuta ya ini yanaanza kupungua. Akifikia kilo 8, ni sehemu 10. Kilo 72 si mama aliyekonda. Bado atajaza kikwembe chake, na wala hakuna atakayemhurumia. Na mtu akiuliza, jibu liwe tayari: "Munganga alinionyesha njia ya kulinda ini langu, na mimi ninaifuata." Ukilisema bila kuinamisha kichwa, maswali yanaisha mapema.

Tuongeze neno moja hapo. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga, na mtu ambaye tayari ni mwembamba, hawa wasijaribu kupunguza uzito bila kuongea na munganga. Na kupungua kupita kilo moja kwa juma si vizuri kwa mtu yeyote. Kufunga kula kabisa na kukonda kwa haraka kunaweza kuumiza ini zaidi.

Imani ya tatu: "Sinywi pombe, basi ini langu ni zima"

Imani hii ina madhara mawili. Kwanza, inamfanya mama asiyekunywa adhani karatasi imekosea. Pili, inamletea matusi. Kuna mama ambao waume zao walisoma neno "ini" na wakaanza kuuliza ni wapi mke anakunywa kwa siri. Baba watoto wajue: chupa moja ndogo ya kinywaji cha sukari, kile tunachokiita sukre, ina sukari karibu vijiko 8 au 9. Ini linapata kazi ngumu na sukari kama linavyopata na pombe, ingawa sukari hailewishi.

Na yule ambaye anakunywa, iwe bia, kasiksi au kanyanga, akiwa na mafuta kwenye ini, heri aache. Pombe juu ya mafuta ni kuni juu ya moto.

Imani ya nne: "Siumwi popote"

Ni kweli. Wengi hawaumwi. Wengine wanasikia uchovu tu, au uzito kidogo chini ya mbavu za kuume. Kutokuumwa hakumaanishi ini ni zima. Maana yake ni kwamba umelijua mapema, wakati kazi bado ni rahisi. Paa la nyumba linaanza kuoza kabla mvua haijaingia ndani. Mwenye hekima anapanda kulitengeneza wakati wa jua.

Imani ya tano: "Nitakwenda kutundikwa serumu"

Tumezoea kwamba ugonjwa wa kweli una sindano, na shauri la mdomo si matibabu. Kwa ugonjwa huu, serumu na vitamini za barabarani hazitoi mafuta kwenye ini. Dawa ya kwanza iliyokubaliwa Marekani hasa kwa ajili ya ini lililovimba kwa mafuta na kuweka makovu ilitokea mwezi wa tatu 2024, na hata wale wanaopewa dawa hiyo wanaagizwa kuendelea na chakula chema na mazoezi. Kwa hiyo yule munganga aliyekuambia "tembea, punguza sukari" hakukudharau. Amekupa dawa yenyewe.

Na kwa wale wanaosema yote ni mapenzi ya Mungu: maombi na kutembea havigombani. Mama anaweza kuomba huku anapanda mlima.

Hakika ya moyoni inatoka wapi

Tuseme imani hizo tumeziweka pembeni. Mama anaelewa ugonjwa. Bado anasema: "Mimi sitaweza." Hapa ndipo wengi wanaposimama.

Mtaalamu mmoja wa mambo ya nia na tabia, Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba mtu anaanza jambo na kulivumilia kadiri anavyoamini kwamba yeye mwenyewe ataliweza. Na akaonyesha kwamba hakika hiyo inatoka katika mambo manne. Tukiyatazama vizuri, yote manne yamo ndani ya kikundi cha wanawake.

La kwanza ni kushinda jambo dogo wewe mwenyewe. Yule muuzaji wa unga alipoelewa ugonjwa wake, alitaka kuacha kila kitu siku moja: sukari, bugali, mafuta, mandazi. Hakumaliza majuma mawili. Alisikia njaa, akawa mkali kwa watoto, akarudia yote, na mbaya zaidi akabaki akisema: "Mnaona, mimi siwezi." Kikundi kikamwambia achague kitu kimoja tu. Akachagua sukari ya chai: kutoka vijiko vinne hadi vitatu, kwa majuma mawili. Akaweza. Kisha viwili. Kisha kimoja. Alipofika hapo, ni yeye aliyekuja kutuuliza: "Sasa tunafanya nini na bugali?" Kijiko kile kimoja kilimpa hakika ambayo hotuba zetu hazikumpa. Polepole ndio mwendo.

La pili ni kumwona mtu kama wewe akiweza. Si mwanamke wa televisheni mwenye mpishi na gari. Ni mama wa soko lile lile, mwenye watoto sita, mwenye mume wa namna ile ile. Ndiyo maana tunaomba kila kikundi kimpe nafasi mama mmoja aliyefaulu hata kidogo, aseme dakika tano. Aseme pia pale aliposhindwa na jinsi alivyoanza tena, maana tukisikia ushindi tu tunadhani yeye ameumbwa tofauti.

La tatu ni neno la mtu unayemwamini. "Umenenepa kama nini, utakufa" halijengi hakika. "Juma lililopita ulitembea siku mbili, juma hili jaribu tatu, mimi nitakuja kukuchukua" linajenga. Mume, binti, mama mkwe, kila mmoja anaweza kusema neno la namna hiyo. Tuwafundishe.

La nne ni namna unavyousoma mwili wako. Mama anapanda mlima, anahema, moyo unapiga, anasema: "Mnaona, nina ugonjwa wa moyo, niache." Lakini kuhema unapopanda ni kazi ya kawaida ya mwili. Kipimo chetu ni hiki: ukitembea na bado unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, na uende kituo cha afya. Tukijua tofauti hiyo, hofu inapungua.

Swali la kuuliza kabla ya kuahidi

Mama akisema atabadilisha kitu, tusimpigie makofi mara moja. Tumwulize: "Kutoka 0 hadi 10, una hakika gani kwamba utaweza jambo hili juma hili?" Akisema 8 au 9, aanze. Akisema 4, tusimkemee. Tupunguze jambo lenyewe hadi yeye mwenyewe afikie 7. "Sitakunywa sukre tena maisha yangu yote" ni 3. "Sitanunua sukre sokoni, nitaongoja siku ya karamu tu" ni 8. Hii ya pili ndiyo itakayofanyika.

Mambo ya kuchagua kutoka humo

Haya ni machache, kwa vyakula vyetu. Mtu achague moja, asiyabebe yote.

Vinywaji: kuanzia hapa ni rahisi kwa wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite vijiko vidogo 12 vya sukari kwa siku, na heri abaki kwenye 6. Chai tatu zenye vijiko vinne zimekwisha kufikisha 12, kabla ya mandazi na sukre. Maji hayana deni. Kahawa ya milima yetu, isiyo na sukari au yenye kidogo, inaweza kuwa rafiki: tafiti nyingi zimeona kwamba watu wanaokunywa kahawa wana makovu machache ya ini. Lakini mwenye kukosa usingizi, au mjamzito, apunguze.

Sahani: bugali ibaki, lakini isijaze. Nusu ya sahani iwe mboga: lenga-lenga, sombe, biringanya, kabichi. Robo iwe maharagi au samaki, sambaza au ndakala. Robo inayobaki iwe bugali, ndizi, viazi au wali. Mboga ikitangulia mdomoni, bugali ndogo inatosha. Tena maharagi na sambaza ni rahisi kuliko nyama ya kukaanga, kwa hiyo shauri hili si la matajiri.

Mafuta: pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye bidoni. Mafuta ya mawese si sumu. Wingi wake ndio unaodhuru. Mandazi na vitu vya kukaangwa viwe vya siku chache, si vya kila asubuhi.

Mwendo: dakika 150 kwa juma, ndiyo dakika 30 kwa siku tano. Wengi wetu tunasema: "Mimi ninafanya kazi tangu asubuhi, mazoezi gani tena?" Mwenye kubeba na kulima amekwisha kuyafanya, tunamheshimu. Lakini mama anayekaa mbele ya meza yake sokoni tangu saa mbili hadi saa kumi na moja, na kupanda pikipiki kwenda na kurudi, hajatembea. Ashuke mapema, apande mlima kwa miguu pale penye usalama, na abaki na pesa ya pikipiki mfukoni. Hata uzito usipopungua haraka, kutembea peke yake kunasaidia kupunguza mafuta ya ini.

Kipimo: si kila mtu ana mizani. Azima mita ya mshonaji, pima tumbo mara moja kwa mwezi. Kwa mwanamke, kupita sentimita 80 ni alama ya kuangalia. Lakini zaidi ya namba hiyo, linganisha na namba yako ya mwezi uliopita.

Nani anapika, nani anakula

Katika nyumba nyingi mama mmoja anapikia watu wanane. Hawezi kuwa na chungu chake mwenyewe, na akijaribu, wataanza tena maneno ya sumu. Kwa hiyo badiliko liwe la chungu kizima: mafuta kidogo, mboga nyingi. Bali watoto wanaokua wasipunguziwe chakula kwa sababu ya ini la mama. Wao wapunguziwe sukre na peremende tu, wala hawatakosa kitu.

Kwa mume, ongea naye wakati ametulia, si mezani. Mwambie: "Baba, munganga amesema ini langu linaweza kupona nikibadilisha chakula. Ninahitaji unisaidie miezi sita." Wengi wanakubali wakiombwa msaada, kuliko wakiambiwa sheria mpya za jikoni. Na kwenye harusi, ukiwekewa chupa mbele yako, usieleze historia yote. Shika kikombe cha maji mapema, mkono usiwe mtupu, na useme asante.

Usikae nyumbani ukiona haya

Macho ya njano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kuchanganyikiwa akili: hizo si alama za kungojea mkutano wa kikundi. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na mwenye karatasi ya steatozi, hata bila alama hizo, amwulize munganga maswali haya: Sukari ya damu yangu ni ngapi? Tansio yangu? Je, nimepimwa hepatiti B, ambayo ni ugonjwa mwingine wa ini? Nirudi lini kupimwa tena? Maswali yaandikwe nyumbani, kwa maana mbele ya munganga tunasahau.

Kazi ya juma hili

Katika mkutano wenu wa juma hili, kabla au baada ya kuhesabu pesa za likirimba, mchukue dakika 20. Kila mama ataje kitu kimoja alichosikia juu ya ugonjwa wa ini, kiwe cha kweli au cha mashaka, bila kuchekwa. Kisha kila anayetaka achague jambo dogo moja, ataje namba yake kutoka 0 hadi 10, na achague mwenzake wa kumwuliza habari kila posho. Andikeni kwenye daftari la kikundi, ukurasa wa nyuma. Mwenye kushindwa asilipe faini. Faini ni ya likirimba. Hapa, aliyeshindwa anapunguziwa jambo na kuanza tena.

Na kama kuna wifi, jirani au mke mwenza aliyeshitakiwa kwamba ametia sumu, na ekografi imeonyesha mafuta, tunaomba mtu mwenye umri katika kikundi aende kumwona. Ini linapona kwa miezi. Jina la mtu lililochafuliwa linachukua muda mrefu zaidi, nalo pia lina haki ya kutengenezwa.

Juma lijalo tutaongea juu ya karanga na mahindi yenye ukungu, namna ya kuyakausha na kuyatunza, kwa sababu nayo yanaligusa ini la jamaa nzima. Mbaki na amani.